Naomba ushauri: naongoza maombi lakini ndani nimekauka

Mzee_wa_Jumuiya:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Miaka yote huwa nasoma tu humu, leo naomba mnisaidie.

Nimeokoka 2009, ni mzee wa kanisa usharikani kwetu (KKKT, Walutheri), kwaya nipo, jumuiya naongoza mimi. Sinywi, sina mchepuko, fungu la kumi natoa, kwa nje hakuna shida na hapo ndo panaponitisha. Jumatano iliyopita nikaambiwa nifunge ibada ya jumuiya kwa maombi, nikaomba weee, wagonjwa, wajane, wanafunzi, kila kitu kwa mpangilio, watu wanaitikia amina, na muda wote kichwani napiga hesabu ya saruji, jamvi nimwage kwa mifuko 40 au niongeze kumi. Nimemaliza mama mmoja akanishika mkono, "baba leo umeomba kwa upako". Nilishindwa hata kumjibu.

Nimefika home nikafungua Biblia, ile kamba ya kuwekea alama bado iko Isaya 40, niliiacha hapo Februari, na juu yake kuna risiti ya bati. Masomo ya jumuiya naandaa kwa simu nikiwa kwenye daladala, dakika kumi basi, hakuna anayejua.

Nifanyeje? Niache uongozi kwanza?

BintiSayuni:
Pole mtumishi. Shukuru umestuka mapema, mimi ilinichukua miaka mitatu na nilikuwa nafundisha Sunday school kila wiki.

Kaka_wa_Moro:
Labda umechoka tu mkuu. Ujenzi, kazi, kwaya, mwili nao una kiasi chake. Nabii Eliya pale chini ya mti wa mretemu alitaka kufa kabisa na Mungu hakumkemea, alimpa mkate na usingizi. Pumzika kwanza.

Mzee_wa_Jumuiya:
Asante kaka, ila nalala vizuri na mpira naangalia dakika zote 90. Muda ninao. Hamu ndo sina.

Msomaji_wa_Neno:
Hiyo saruji yako imenikumbusha lile kanisa la mji wa Laodikia kwenye Ufunuo. Kama mwaka 60 hivi tetemeko liliuangusha ule mji, na mwanahistoria Tacitus anaandika walijijenga upya kwa mali zao wenyewe bila msaada wa Roma. Sasa soma Ufunuo 3:17 ukijua hilo, "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu". Kanisa lilikuwa limeambukizwa tabia ya mji wake. Na angalia mstari wa 20, Yesu yuko nje anabisha, wakati ndani ibada zinaendelea kama kawaida. Uzoefu nao ni mali ndugu yangu, unaweza kuendesha jumuiya nzima kwa uzoefu tu na usimhitaji Mungu hata dakika moja.

Mjukuu_wa_Kagera:
Mimi nimelelewa na bibi Bukoba, wale wa uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukashuka mpaka kwetu. Wao walikuwa na kitu wanaita kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Kila wiki alikuwa anakutana na wenzake wawili jikoni, na hawakuwa wanaongea mambo makubwa, unamsikia anasema jana nilimpa mgeni ndizi zile mbovu nikaficha nzuri, au wiki hii sijaomba nimesema tu maneno. Wenzake wanamwombea hapohapo, maisha yanaendelea. Sisi tumebaki na nyimbo zao ila hicho tumekiacha kwa sababu kinaaibisha. Mzee wangu, wewe huna mtu wa kukuuliza. Ukishakuwa mzee wa kanisa kila mtu anadhani uko salama.

Mama_Neema:
Usiache uongozi. Ukiachia utapata nafuu kwa sababu hakuna tena wa kukuangalia, na ile nafuu utadhani ni amani. Waambie wanajumuiya ukweli Jumatano.

BintiSayuni:
Mama hapo tunatofautiana kidogo. Mimi nilisimama kufundisha miezi miwili na ndo ilinisaidia, nilikuwa sijui kusoma Neno bila kutafuta pointi za kufundishia. Asiache vyote, ila kufunga maombi ampe mwingine kwanza.

Mzee_wa_Jumuiya:
Mrejesho. Jana niliwaambia. Sikuwa na maneno mengi, nilisema tu wiki ile mlipoitikia amina mimi nilikuwa kwenye saruji. Kimya kikapita kirefu, jasho linanitoka, halafu yule yule mama aliyenishika mkono akasema "baba, na mimi". Hakuna aliyefunga kwa maombi marefu, tulisema Baba Yetu taratibu tukaondoka. Mzee mwenzangu mmoja kanifuata njiani, tumekubaliana tutakuwa tunapigiana simu saa kumi na moja alfajiri, kila mtu amwambie mwenzake alichosoma na kama hajasoma aseme hajasoma. Leo nimeanzia pale pale kwenye risiti, Isaya 40.