Mjadala: Kijana wa Arua afanye nini ili Cranes wamwone?

Ndugu zangu, naomba hili tulijadili kwa utulivu. Tangu Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, warudi kutoka Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule Morocco tunagombana vijiweni, na mimi naona tunagombania pembeni ya jambo lenyewe.

Huko, Desemba 2025, tulitoka sare 1-1 na Tanzania. Goli letu alifunga Uche Ikpeazu, mzaliwa wa Uingereza. Dakika za mwisho Allan Okello, aliyekulia katika ligi yetu, akakosa penalti. Kundi tukalimaliza na pointi 1. Basi hawa wanasema bila wa ughaibuni tungeaibika zaidi, wale wanasema wa ughaibuni wanawazibia wa nyumbani. Nao wa nyumbani wana cha kuonyesha: Agosti 2025, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nchi zao, wachezaji wa ligi ya Uganda watupu waliongoza kundi lenye Algeria na Afrika Kusini, wakaja kutolewa na Senegal robo fainali kwa goli 1-0.

Swali langu ni hili: huyo "wa nyumbani" ni nani hasa? Klabu za SC Villa, Express, KCCA, URA, Vipers, zote ziko Kampala au jirani yake. Sisi wa West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi, tuliwahi kuwa na Onduparaka ya Arua, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2016. Muhammad Shaban alipita hapo, akaenda KCCA, kisha Raja Casablanca. Miaka ile kocha wa taifa hakulazimika kufunga safari ya Arua, maana Arua yenyewe ilimfuata Kampala kila mara ilipokuwa na mechi ya ugenini huko. Mwaka 2023 timu ikashuka daraja, na dirisha likafungwa.

Nitawapa la nyumbani kwetu. Mdogo wangu ni namba sita, kiungo mkabaji. Klabu moja ya Kampala, sitaitaja, ilitangaza majaribio. Tulichanga nauli, akapanda basi la usiku, akafika alfajiri miguu imevimba kwa kukaa, akachukua bodaboda moja kwa moja hadi uwanjani. Viatu vyake soli zilikuwa zimeshonwa kwa uzi wa nailoni na fundi wa pale sokoni. Alisubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Mwisho wakamwingiza dakika 15, wakamweka beki wa kulia, nafasi ambayo hajawahi kuicheza maishani, kisha wakamwambia ni mzito, arudi mwakani. Nauli ya mwakani haikupatikana. Nimecheza mpira miaka mingi na sijaona kijana anayepokea mpira huku amegeuka kama yeye. Nasema kwa uchungu, lakini simsingizii kocha yeyote wa taifa. Atamchaguaje mtu ambaye hajapata kumwona?

Mchangiaji wa Kampala: Pole kwa mdogo wako, kaka. Ila timu ya taifa si mahali pa kufuta machozi. Kocha anapewa siku chache tu kabla ya mechi, lazima aite watu wanaocheza mechi ngumu kila wiki. Halafu hili la Kampala mnalikuza. Denis Omedi alikuwa Kitara, timu ya Hoima. Aliwafunga KCCA goli la rabona, la kupitisha mguu nyuma ya mwingine, FIFA ikaliweka katika orodha ya kuwania Puskás 2024, tuzo ya goli bora la mwaka, akaitwa Cranes, akasajiliwa na APR ya Rwanda. Mwenye kipaji haswa hafichiki.

Mwenye mada: Hilo la siku chache nalikubali. Lakini la Omedi, ndugu yangu, linanipa nguvu mimi. Goli lile alilifunga kwenye Ligi Kuu, dhidi ya KCCA, kamera ikiwaka. Angelifunga lile lile Koboko, huku kwetu West Nile, Jumapili jioni, watoto wangeliigiza njiani kurudi nyumbani, na habari ingeishia hapo. Kwa hiyo tusiseme kipaji hakifichiki. Tuseme Ligi Kuu haifichiki.

Mchangiaji wa Koboko: Wanangu, mimi ni mama, mniruhusu niseme. Nyinyi mnabishana habari za mtu mzima wa kupanda basi. Mwanangu ana miaka 14. Naambiwa kama nataka afike mbali nimpeleke sasa hivi shule za huko karibu na Kampala kama Kitende, wanakochukua watoto wenye mpira na kuwapunguzia karo. Akikosa sasa, wanasema amechelewa. Baba yake ni marehemu. Nimtoe nyumbani akiwa mdogo hivi, akiumia goti nani atamlipia karo iliyobaki?

Mwenye mada: Shikamoo mama. Umetupeleka penye kidonda chenyewe, maana mchujo unaanza hapo, kwenye shule, miaka mingi kabla kocha wa Cranes hajaandika jina lolote. Mtoto wa Kampala analala kwao na anaonwa. Wa kwetu lazima kwanza ahame, na mzazi abebe hatari yote peke yake.

FUFA, shirikisho letu la soka, wanayo FUFA Drum, mashindano ambayo majimbo yanakutana, West Nile, Acholi, Karamoja, Busoga na wengine. Watu hujaa. Nataka mashindano yale yawe na maana kwa kambi: benchi la ufundi la timu za vijana na la CHAN likae pale na daftari, na wanaong'ara waitwe kambini wiki nzima, wapimwe katika nafasi zao, nauli na chakula juu ya FUFA wenyewe. Hawatapita wote. Hata mdogo wangu huenda asingepita, ila wiki moja ni tofauti kubwa na dakika 15 za beki wa kulia.

Wa Kampala, hilo unalipinga kwa hoja gani? Na mama, kabla hujamtoa mtoto, wadai maandishi kuhusu goti na karo. Wakikataa kuandika, abaki nyumbani mwaka huu.