Kikundi cha Ukoo: Nati ya Tano

Dada Mkubwa, 10:47 jioni
Ndugu zangu, naomba kila mmoja ajibu ujumbe huu, asiishie kuusoma tu. Kaka yetu amepata pancha ya tairi la nyuma akiwa na Mama na watoto wawili. Ameegesha gari pembezoni mwa barabara, ameweka pembetatu ya tahadhari, na tairi la akiba lina upepo wa kutosha. Kinachokosekana ni ufunguo wa nati ya kufuli, ile ya kuzuia wizi wa gurudumu isiyofunguka kwa spana ya kawaida. Nani aliutumia mara ya mwisho?

Kaka, 10:52 jioni
Nati nne nilizilegeza kabla ya kupandisha gari kwa jeki, kwa sababu gurudumu likishakuwa hewani huzunguka pamoja na spana na nati haifunguki. Ya tano ina kichwa cha mviringo chenye mifereji, na spana inateleza juu yake kana kwamba imepakwa mafuta. Nimepekua buti, chini ya zulia na droo ya dashibodi. Nimepata miwani ya Shangazi, lakini ufunguo sijauona.

Shangazi, 11:03 jioni
Afadhali miwani imeonekana, maana nilikwisha kumshuku mtu, Mungu anisamehe.

Mpwa, 11:04 jioni
Shangazi, mshukiwa ni mimi, na msamaha huo naomba niupate kwa maandishi.

Dada Mkubwa, 11:05 jioni
Tusitoke nje ya jambo, jua linakwenda. Binamu, wewe ndiwe uliyekuwa na gari kabla ya Kaka, na ndiwe uliyelisafisha. Ninaona umekwisha kusoma.

Binamu, 11:24 jioni
Niwieni radhi, nilikuwa kazini. Gari nililisafisha kwa hiari yangu na kila kitu nilikirudisha. Ninachoshangaa ni kwamba kitu kikipotea katika ukoo huu jina langu ndilo hutangulia, ilhali lile suala la jenereta halikuthibitishwa na hadi leo hakuna aliyeniomba radhi.

Mpwa, 11:25 jioni
Jenereta angalau iliondoka na vipuri vyake vyote.

Dada Mkubwa, 11:26 jioni
Jenereta ina siku yake.

Baba Mdogo, 11:31 jioni
Kaka, tafuta soketi iliyo ndogo kidogo kuliko hiyo nati, uigongelee kwa nyundo hadi iing'ate, kisha uizungushe. Mafundi hufanya hivyo.

Kaka, 11:33 jioni
Soketi sina, ila kuna dereva amesimama kunisaidia na anazo, pamoja na nyundo.

Babu, 11:36 jioni
Gari bado liko juu ya jeki?

Kaka, 11:36 jioni
Naam, Babu.

Babu, 11:41 jioni
Rudisha nati nne, zikaze, ulishushe. Hakuna nyundo itakayopigwa kwenye gari lililoshikiliwa na jeki. Mama yenu na watoto watoke ndani, wasimame mbali na barabara. Mguu wangu huu mnaujua.

Kaka, 11:55 jioni
Nimelishusha, Babu. Mama na watoto wako nyuma ya kizuizi cha barabara. Yule dereva ameshindwa kusubiri, ameondoka na nyundo yake.

Binamu, 12:06 jioni
Nimepekua begi langu la kazini. Ndani ya kitambaa cha kufutia vioo kuna kichuma cha duara, ukubwa wa kidole gumba. Sisemi kwamba ndicho. Nimetuma picha.

Kaka, 12:09 jioni
Kinafanana, ingawa kwenye picha ninahesabu mifereji sita na kwenye nati nilihesabu saba. Huku giza limeingia na simu yangu imebaki na asilimia 9.

Dada Mkubwa, 12:10 jioni
Basi kipelekwe, sita au saba tutajua hukohuko. Kumbukeni pia kwamba tairi la akiba ni lile jembamba lisilopaswa kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kila dakika tunayoichezea hapa Mama anailipia njiani. Baba Mdogo, wewe una gari na uko karibu na Binamu.

Binamu, 12:14 jioni
Nitakitoa, lakini Dada aandike kwanza kuhusu jenereta.

Mpwa, 12:15 jioni
Mimi ninaweza kukipeleka kwa pikipiki, mradi mtu aniwekee mafuta.

Dada Mkubwa, 12:21 jioni
Baba Mdogo, ninaona uko hewani.