Ushauri: krosibou ya kulengea shabaha, triga nzuri mtu anaijuaje kabla ya kununua?

kijana_wa_kiwengwa
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie nafanya kazi ya kuchezesha wageni hoteli moja huku Kiwengwa, na nyuma ya bustani tuna kona ya kulenga shabaha. Mwanzo zilikuwa pinde za kawaida tu, baadae bosi akaleta krosibou moja, ule upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, unavuta kamba mpaka inanasa, unapachika mshale, unalenga, unabonyeza triga. Wageni wameipenda sana kwa sababu hata mtu hajawahi kushika upinde maishani siku hiyohiyo anapiga ubao.

Tatizo ni triga yake. Haina jina la kampuni la kueleweka, boksi limeandikwa nguvu ya kuvuta kamba basi. Ukibonyeza inakwenda kidogo inakwama, inakwenda tena inakwaruza, hujui itaachia saa ngapi, mgeni anaanza kuikamia anakaza mkono mzima na ncha inakimbia kando. Mita 15 tu na mishale imetawanyika ubao mzima.

Sasa bosi anakwenda Ujerumani mwezi ujao, kasema ataingia dukani mwenyewe anunue mbili za maana na kaniambia nimwandikie aangalie nini. Nikisoma mitandaoni kila kampuni inajisifu triga yake inaachia kwa paundi 3, paundi 3 na nusu, sijui nini. Hizo paundi ndo ubora wenyewe? Na dukani mtu anaijaribuje? Ni ya kulengea ubao tu, si ya kuwindia, paa nunga wa Jozani tuwaache na msitu wao.

Mpemba_Ontario
Waalaykum salaam ndugu yangu. Mie mtu wa Wete lakini naishi Kanada na huku nipo kwenye klabu ya kulenga, kwa hiyo hichi kitu nakishika kila wiki. Nitaandika kirefu uniwie radhi.

Paundi ni namba moja tu na inadanganya. Paundi 3 ni kama kilo 1.4, paundi 3 na nusu ni kilo 1.6, tofauti hiyo kidole chako hakiioni kabisa kama triga ni safi. Kinachoonekana ni njia inayopitia mpaka iachie. Ndani ya kile kisanduku kuna kikulabu kinachoshika kamba, na kikulabu kinazuiliwa na chuma chengine kidogo. Kamba iliyovutwa kwa paundi 150 inakivuta kikulabu mbele wakati wote, kwa hiyo vile vyuma viwili vimebanana vibaya mno, na wewe kwa kidole kimoja ndo unavitelezesha mpaka vipishane. Nyuso zake zikiwa hazijasawazishwa unasikia kule kukwaruza unakokusema. Hiyo ndo kuburuza, na mbaya zaidi hailingani, leo inaachia hapa kesho inaachia pale.

Kuna kitu chengine watu wanakichanganya na kuburuza, nacho ni mchezo, kama usukani wa gari wenye mchezo, unazunguka kidogo kabla tairi halijasikia. Triga ikiwa na mchezo mlaini halafu ukafika mahali ikakaza, ukaongeza kidogo ikaachia papo hapo, hiyo si mbovu, wengine tunaipenda. Triga ya S1 ya kampuni ya TenPoint imetengenezwa hivyo kwa makusudi, hatua mbili, wanaiandika paundi 3 na nusu. TriggerTech, kampuni ya huku huku Kanada, wao wamekwenda njia nyengine, wametia kijiti kinachobingirika baina ya vile vyuma viwili, badala ya kusuguana vinabingirishana. Triga zao zimefungwa kwenye baadhi ya krosibou za Barnett, wanaandika paundi 3 bila kuburuza, na mie kwa mkono wangu nasema wanastahiki kusema hivyo, unabonyeza hakuna kinachotembea, mara imeachia.

La mwisho halafu ninyamaze: nguvu ya kamba ikiwa kubwa triga nayo inakuwa na kazi kubwa. Kwa mita 15 za hotelini huhitaji upinde wa paundi 200. Wanaoshindana kimataifa chini ya IAU, shirikisho la kimataifa la krosibou lililoanzishwa Landshut huko huko Ujerumani mwaka 1956, krosibou zao za uwanjani mwisho ni kilo 43, kama paundi 95, na wanapiga mpaka mita 65. Mwambie bosi asivutiwe na namba kubwa kwenye boksi.

Fundi_Mwembeladu
Yote hayo ya nini yakhe, nunua triga ya nini wakati unayo. Fungua kile kisanduku, toa vile vyuma, piga msasa laini wa maji mpaka ving'are, tia grisi, rudisha. Mie nishafanya kufuli na bawaba za kila aina, chuma ni chuma.

mzee_wa_mkoani
Mwanangu fundi, hapo nakuomba usimwambie mtu hivyo. Nimekula chumvi kwenye karakana za meli na najua kazi ya msasa ni nzuri, lakini vyuma kama hivyo vingi vimekomazwa juu juu, ule ugumu uko kwenye ngozi yake tu. Ukiipitisha msasa ngozi ikiondoka ndani ni laini, wiki ya kwanza inateleza vizuri utaifurahia, halafu inaanza kulika. Na ile pembe inayokishika kikulabu ukiipunguza hata unywele tu, siku moja mtoto wa watu ataigonga chini kidogo na mshale utatoka bila kidole chochote kwenye triga. Kitu cha kushikwa na mgeni asiyejua hakichezewi ndani.

Na wewe kijana kabla hujailaumu triga peke yake, hebu fanya jambo. Weka mfuko wa mchanga juu ya meza, laza krosibou juu yake ikae imara, upige mishale kadhaa ubao uleule masafa yaleyale. Ikikusanyika basi ubaya uko kwenye triga na mikono, ikitawanyika vilevile ubaya uko kwengine. Kisha mnavuta kamba kwa mikono mitupu au kwa kile kigwe chenye vishikio? Kwa mikono mitupu mkono wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, kamba inanasa imekaa upande, na mshale unakwenda upande. Chukua kalamu ya wino, kamba ikiwa haijavutwa tia alama pande zote mbili pale inapokutana na reli, ile njia ya juu mshale unapolala, halafu vuta, utaona alama zimelingana au hazikulingana.

Fundi_Mwembeladu
Shikamoo mzee. Hilo la kukomazwa juu nimelikubali, asiguse.

kijana_wa_kiwengwa
Marahaba kwa niaba hahaha, shikamoo mzee. Tunavuta kwa mikono mitupu. Nitafanya hiyo ya mfuko wa mchanga kesho wageni wakiwa baharini. @Mpemba_Ontario sasa bosi akifika dukani akaomba kubonyeza tu bila mshale aisikie triga, watamkubalia?

Mpemba_Ontario
HAPANA na asiombe. Krosibou haibonyezwi tupu hata siku moja. Mshale ndo unaoibeba ile nguvu kuondoka nayo, usipokuwepo nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde na kamba, mkono unapasuka au kamba inakatika na wewe uso wako upo karibu. Nyingi za siku hizi zina kizuizi ndani kinachoidaka kamba kama hakuna mshale, mwambie bosi aulize kama kipo, kwa wageni hicho ni cha lazima, lakini kizuizi si cha kujaribia, ni cha kukuokoa ukijisahau.

Na ukiibonyeza bila kuvuta kamba pia hujajua chochote, vile vyuma havijabanana kwa hiyo hata triga mbovu itakuwa laini. Lazima ivutwe, iwekwe mshale wake wenye mkia uleule kampuni inaoutaka (kuna bapa, kuna nusu mwezi, ukikosea kamba inaweza kupita juu ya mshale), apige kwenye ubao. Maduka ya pinde ya Ujerumani mengi yana njia ya kupigia humohumo ndani, aombe. Dukani wakikataa, aende duka jengine.

Akiwa pale, atoe sefti, kile kidude kinachoizuia triga isiachie, aweke nyama ya ncha ya kidole, si pale kidole kinapokunjika, halafu abonyeze polepole kuliko kawaida. Asikilize kama kuna vituo njiani. Asikilize inaachia palepale kila mara au inahama. Na ikishaachia, triga inaendelea kurudi nyuma sana au inasimama? Ikirudi nyuma sana kidole kinaburuta kitako wakati mshale bado uko kwenye reli, na kwenye krosibou mshale unakaa relini muda wa kutosha shabaha kuharibika. Arudie na ile nyengine palepale kabla mkono haujasahau. Kusoma maoni ya watu mtandaoni hakufiki hata nusu ya hapo.

Bi_Matemwe
Jamani naomba niseme upande wa wageni kwa sababu na mie nipo kazi hiyohiyo upande wa huku kaskazini. Kaka wa Ontario anasema kama mtu wa klabu na nimejifunza mengi, lakini mgeni wa hoteli si mtu wa klabu. Mgeni anakuja ametoka ufukweni, mikono ina mafuta ya jua, kidole kinateleza, amesisimka, mwenzake anampiga picha, anageuka kucheka na krosibou imo mkononi. Triga ya paundi 2 kwa huyo mtu ni hatari. Mie ningemwambia bosi achukue inayokaribia paundi 4 lakini safi, kuliko nyepesi. Nzito safi mgeni anaizoea kwa mishale miwili mitatu, nyepesi inamtoka kabla hajalenga.

Aangalie na umbali wa triga kutoka kwenye kishikio. Wadada wengi na vijana wadogo kidole kinafika kwa ncha ya mwisho tu, wanaanza kuuzungusha mkono ili wafike, na mkono ukizunguka ule wa mbele nao unapanda juu. Hapo ndo kwenye jambo kubwa kuliko triga: kidole gumba cha mkono wa mbele. Kikipanda juu ya reli kamba inakipitia. Achukue yenye ukingo mpana wa kukizuia, na hata ikiwa nao wewe simama upande ule uangalie gumba kila mshale, usimwachie mtu.

Na sefti iwe inajiweka yenyewe kamba ikivutwa. Uliyonayo inajiweka?

kijana_wa_kiwengwa
Dada ahsante sana, la mafuta ya jua sikulifikiria kabisa na kweli kila siku naiona triga inang'ara mafuta. Sefti haijiweki, tunaiweka sisi kwa mkono.

Bi_Matemwe
Basi hiyo usimpe tena mgeni kaka yangu. Nasema kwa kukupenda.

Baharia77
Mie naona mnalikuza jambo, shabaha ni mazoezi. Babu zetu walipiga kwa upinde wa mti bila triga yoyote.

Mpemba_Ontario
Ndugu yangu Baharia, ni kweli kwa mtu wa kufanya mazoezi. Mtu wa mazoezi anaijua triga yake hata mbovu. Huyu mgeni anapiga mishale michache anaondoka, hana muda wa kuizoea, kwa hiyo chombo ndo kimsaidie. Ndo maana triga inataka kuangaliwa zaidi kwa huyu kuliko kwangu mie.

mzee_wa_mkoani
Na jambo la chumvi msilisahau. Pwani hewa yenyewe inakula chuma, na kile kisanduku kina springi ndogondogo na vitundu vya kuingiza mchanga. Triga iliyokuwa safi Ujerumani ikikaa banda la ufukweni masika moja bila kuangaliwa itaanza kukwaruza. Isilale nje. Ifutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni, ikae ndani ya kabati lenye ukavu, na mafuta yawe yale mepesi tone moja kama kitabu chake kinavyosema. Grisi inadaka mchanga na ukishachanganyika ndo msasa wenyewe huo, unafanya kazi usiku na mchana.

kijana_wa_kiwengwa
Nimerudi wakuu. Nimefanya ya mzee. Kwenye mfuko wa mchanga mishale imekusanyika, si ndani ya upana wa kiganja lakini imekusanyika, ila yote imekaa kulia. Alama za wino kumbe hazilingani, upande mmoja umepita kwa kama nusu sentimita. Nimefunga kigwe cha kuvutia, imerudi katikati na kuvuta kumekuwa kwepesi mno, kama nusu ya nguvu. Halafu mwenzangu mwenye mkono mtulivu kapiga akiwa amesimama, imetawanyika tena juu na chini. Kwa hiyo yote mawili yapo, kamba ilikuwa inatupeleka kulia na triga ndo inatawanya.

Nikajaribu kuipima triga kwa mizani ya samaki ya kuning'iniza, mshale ukiwa umepachikwa na ncha imeelekea ubaoni, lakini mizani yenyewe ni ya kilo 100, sindano haikuonesha kitu.

Mpemba_Ontario
Chukua ile ya kidijitali ya kupimia mabegi ya safari, fungia kamba nyembamba katikati ya triga, vuta nyuma taratibu sambamba na reli. Usiangalie namba moja, pima mara nyingi uone zinavyopishana. Ikipishana sana baina ya kuvuta na kuvuta basi bosi hana haja ya maelezo mengine.

kijana_wa_kiwengwa
Nimeipata ya rafiki yangu mapokezi. Ya chini kabisa kilo 2.1, ya juu 3.4, na hiyo ni triga ileile jioni moja. Nimempelekea bosi picha, kajibu "nimefahamu". Krosibou imeingia stoo na kufuli, wageni wanapiga pinde za kawaida kwa sasa.

Kauliza la mwisho, azibebe kwenye begi la ndege akirudi?

Bi_Matemwe
Asibebe chochote kabla hajauliza. Kwanza mwende kituo cha polisi hapa na forodhani mkiwa na picha na maelezo ya krosibou zenyewe, muulize kibali kinachotakiwa, na jibu mlipate kwa maandishi. Halafu shirika la ndege, wao wana masharti yao ya mizigo ya chini, ndani ya ndege hata asijaribu. Akija nazo zikazuiwa uwanja wa ndege msimu mzima zitakuwa hazina faida kwa mtu. Mkishapata hiyo karatasi nitumie inbox mlipoanzia, na sisi huku tunataka kuomba.