Kereng'ende wekundu bwawani, naomba ushauri

Habari zenu wadau. Nipo Hombolo, Dodoma. Kwenye bwawa nililochimba kwa ajili ya perege wamejaa kereng'ende wekundu kama pilipili iliyoiva, kuanzia macho mpaka ncha ya mkia. Mbawa ni angavu, ila za nyuma zina doa la rangi ya asali pale zinapoungana na mwili. Wapo pia wa manjano iliyofifia, umbo lilelile. Nimelinganisha picha, wanafanana na Crocothemis erythraea.

Juzi nimechota tope kwa chujio, nikakuta lava wao kamng'ang'ania kiluwiluwi wa chura. Sitaki kupiga dawa kabisa, maana wanatumalizia viluwiluwi wa mbu.

Je, hao wa manjano ndio majike? Na vifaranga wa perege niwapandikize wakiwa na ukubwa gani ili wasiliwe?