Mwaka wa kifo cha papa (baba) yetu unatimia: nitaje maisha yake ya jeshi au niyaache?

BintiKatuba: Wapendwa, naombeni ushauri. Papa yetu alikuwa polisi hapa Lubumbashi. Aliuawa akiwa kwenye doria usiku, wezi wenye silaha walipovamia nyumba ya watu. Mwezi ujao unatimia mwaka. Nia ya misa tumeshatoa, kisha tutakula bukari (ugali) pamoja nyumbani. Familia imenichagua mimi, mtoto wa kwanza, nisimulie maisha yake.

Shida iko hapa. Kabla ya polisi papa alikuwa mwanajeshi. Aliingia jeshini vita ya Kongo ya 1998 ilipoanza, akapelekwa Pweto, mji wa kando ya ziwa Mweru, mpakani na Zambia. Mji ulipochukuliwa na adui Desemba 2000 alivuka Zambia na wenzake, wakanyang'anywa silaha, wakarudishwa. Baba mdogo hataki nitaje Pweto kabisa. Anasema watu watashika neno moja tu, "alikimbia". Lakini sisi tumekua tukimwona papa analala viatu vikiwa mlangoni, kamba zimelegezwa tayari. Radi ikipiga, anatoka kuzunguka lupango (ua wa nyumba). Nikianzia siku alipovaa sare ya polisi, wajukuu watamjua babu gani?

Mzee_Kasenga: Pole sana binti yangu. Mimi nilikuwa Pweto. Anayesema tulikimbia hakuwepo. Adui mbele, ziwa Mweru nyuma, magari tuliyaacha hapo hapo. Tarehe 16 Januari 2001 rais wetu, Mzee Laurent Kabila, akauawa, na baada ya hapo nani angetuuliza habari zetu? Papa yako baada ya yote hayo alikubali kushika bunduki tena, alinde mitaa ya watu. Taja Pweto, tena kwa sauti.

MamaKampemba: Mzee, pole pole kidogo. Mimi pia ni mjane wa polisi. Mwanangu, kaa na mama yako kwanza, ninyi wawili tu, mashemeji wasiwepo. Kuna mambo mume humwambia mke peke yake. Akikataza kitu, kiache. Halafu pesa isiishie kwenye chakula: kwetu wakwe walinunua kreti za bia ya Simba, kaburi likabaki na msalaba wa mbao, mchwa wakaula. Na karatasi zenye matrikile (namba ya kazi) yake, cheti cha kifo na cha ndoa, toa kopi, mama abaki na zake mwenyewe.

MtotoWaPweto: Raia tulivuka siku zile zile. Sisi tulifikia kambi ya wakimbizi ya Kala huko Zambia, wengine Mwange. Nilikuwa mdogo, ila niliona askari wakitembea nasi njiani, wamebeba watoto wasio wao. Mwambie baba mdogo hilo.

BintiKatuba: Asanteni sana. Nimeongea na mama. Pweto nitaitaja. Alichokataza ni kueleza jinsi papa alivyopigwa risasi, kwa sababu ya mdogo wetu wa mwisho, na hapo namsikiliza. Baba mdogo bado amenuna. Mzee Kasenga, kama uko mjini, tafadhali njoo Katuba useme ya Pweto wewe mwenyewe, wewe atakusikia. Nakuandikia faragha nikupe siku na avenyu.