Naombeni ushauri: maneno ya kuwapa moyo wakimbiaji wageni Kilimanjaro Marathon

Msaranga: Habari zenu wadau. Mimi na wenzangu wa kwaya tumepangiwa kugawa maji kwenye Kilimanjaro Marathon, upande wa mlima kuelekea Mweka. Wageni wanapita pale wamechoka kweli kweli, nasi tunachojua ni "kaza" na "pole" tu. Natamani kila mtu asikie neno la kwao. Nipeni mafupi, na yanavyotamkwa.

Kijana wa Kiboriloni: Wafaransa "Allez, allez!", tamka ale. Wahispania "Vamos!" au "Ánimo!", mkazo uwe kwenye A ya mwanzo. Wajapani "Ganbatte!", Wachina "Jiayou!" Wanorwei na Waswidi wote pigieni "Heya, heya!" Waswisi wamezoea "Hop, hop, hop!"

Mama Nai: Nimefanya kazi na Wataliano miaka mingi. "Forza!" inatosha, isome fortsa. Ukitaka kusifia, mwanamume ni "bravo", mwanamke "brava", wakiwa kundi la wanaume na wanawake "bravi".

Mpagazi wa zamani: Hiyo "pole" iacheni kabisa. Baadhi yao wametoka kupanda Mlima Kilimanjaro wiki hiyo hiyo, na kule juu kutwa nzima tunawaimbia "pole pole". Ukimwambia pole anasikia apunguze mwendo! Pigeni "Twende!", wengi wanaijua. Halafu jamani, msimwambie mtu "umekaribia" wakati hajakaribia, kwa lugha yoyote ile. Wa kilometa 42 akifika kwenye mwinuko ule wa Mweka miguu imeshakufa ganzi. Akikunja kona akaona bado kunapanda, moyo unavunjika. Mwambieni mteremko unaanzia wapi. Mimi ningejifunza kusema hilo kwa Kiingereza kwanza kabla ya hizo lugha nyingine zote.

Msaranga: Asanteni sana, hilo la pole sikuwahi kuliwaza. Sasa nitamjuaje katoka nchi gani?

Kijana wa Kiboriloni: Angalia bendera kwenye fulana au kofia. Usikisie kwa sura, Mkorea ukimpigia Kichina hujamtendea haki. Usipokuwa na hakika, "Twende!" na umtazame machoni. Wawili wenu wasimame hatua kadhaa kabla ya meza, wakisoma bendera na kuwapasia wenzao.

Mama Nai: Na wa mwisho mwisho msiwasahau. Wanaofika jua limeshakuwa kali mara nyingi hukuta watu wameshaanza kufungasha. Wekeni zamu, sauti zibaki mpaka mtu wa mwisho apite.