Kivinjari cha kazini: funguo ashike nani?

Jamaa wa Malindi na Lamu, niamulieni. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Malindi. Tangu wiki jana, menyu ya Chrome imeandikwa "Kinasimamiwa na shirika lako". Siwezi tena kuhifadhi paswadi wala kuongeza kiendelezi (programu ndogo ya kukiongezea kivinjari uwezo), na tovuti ikitoa onyo la cheti, yaani kitambulisho chake, njia ya kuendelea imeondolewa. Juzi mgeni amesimama, pasipoti mkononi, tovuti ya wakala imegoma kwa kuwa cheti kimepitwa na muda. Fundi wa kompyuta mwenye kufungua yuko Mombasa, simu hashiki. Ni haki hii?

Wa Shela: Ni haki, dada. Kiendelezi ukikipa ruhusa husoma kila kilicho kwenye ukurasa, na namba za kadi za wageni wako zimo. Onyo la cheti nalo huenda ni uzembe wa wakala, huenda ni mtu amejipenyeza katikati. Foleni ikiwa ndefu, wewe utabofya tu. Hata mimi ningebofya.

Fundi wa Mkomani: Mimi ndiye huyo mnayemsema, ila ofisi nyingine. Viendelezi nafunga, masasisho nalazimisha, na siombi radhi. Lakini asiyepokea simu asifunge mlango, hapo dada ana haki. Na kuna jambo kubwa kuliko paswadi, wengi hawalijui. Msimamizi anaweza kuweka cheti cha kampuni ndani ya kompyuta, kisha mtambo wa ofisini ukafungua mawasiliano yako yaliyofichwa, ukayasoma, ukayafunga tena. Alama zote zinabaki kama kawaida! Mimi hilo sifanyi bila kuwaambia watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako akujulishe kabla, kadiri inavyowezekana.

Wa Shela: Kompyuta ni ya mwajiri, bwana. Mambo ya benki afanye kwa simu yake.

Fundi wa Mkomani: Sawa, lakini aambiwe, ndipo achague. Dada, andika chrome://policy pale juu, utaona kila kilichofungwa. Kisha fungua tovuti ya benki yako, usiingie, bofya alama iliyo kando ya anwani, tazama cheti kimetolewa na nani. Kikiwa cha mwajiri wako, ujue mtambo unakufungulia mawasiliano.

Wa mapokezi: Nimetazama. Kimetolewa na kampuni yenye hoteli. Na mshahara wangu nimekuwa nikiuangalia hapahapa kila mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi barua iko mezani kwa meneja.